Sauti ya Raho Yaenda Garissa

Kila asubuhi, kabla ya kuinjika chai, Raho alizipanga betri za redio kaseti yake kwenye ukingo wa dirisha ili zipate jua. Zikishapata moto alizirudisha mahali pake, akabonyeza kitufe chekundu na kusema, "Mimi Raho, mjane wa Abdinoor, nipo." Kisha akajisikiliza. Sauti ikitoka nzito na ya kujikokota, betri zilirudi dirishani.

Redio hiyo Abdinoor aliileta Eastleigh kutoka safari zake za lori, mwaka wa sabini na saba, akafariki hata hajaizoea. Mwanzoni wanawake wa jirani waliiogopa. Aliyesikia sauti yake ikitoka mle aliapa kwamba yule si yeye, ni dada yake. Lakini walipogundua kwamba kaseti ikitumwa kwa basi, mama aliye Wajir anaweza kusikia hata kikohozi cha binti yake, woga uliwatoka, wakawa wanakuja kwa Raho na kaseti zimefundikwa kwenye ncha za mitandio.

Bibi wazee ndio waliovunja watu mbavu. Waliuliza, "Mmeamkaje?" halafu wakanyamaza wakingoja kujibiwa, kwa sababu kumrundikia mtu salamu juu ya salamu ni kukosa adabu. Utepe ukazunguka bure. Fowsiya, binti wa Raho, msichana wa kidato cha tatu ambaye haya ilimfanya aongee akitazama miguu yake, alijaribu kuwaeleza kwamba hakuna mtu ndani. Hawakumsikiliza. Baadaye habari zikaja kwamba huko Garissa jamaa walikaa wameizunguka redio, na kila palipokuwa kimya waliitikia kwa pamoja, "Salama, na nyinyi je?" Tangu hapo hata akina mama vijana wakawa wanaacha nafasi ya majibu.

Aliyekichukia chombo hicho ni Wehliye. Miaka yote yeye ndiye aliyewaandikia wanawake barua, na barua zake zilikuwa na adabu kuliko waliomtuma. Mwanamke akisema amechoka kupigwa, Wehliye aliandika kwamba anawasalimu nyote.

"Hicho kisanduku kitawaotesha ndevu," alimwambia Raho siku moja, amesimama mlangoni.

"Afadhali. Na sisi tupate kitu cha kushikashika tukijifanya tunafikiri."

Siku Wehliye alipokuja na kaseti ya Burale, hakuleta mzaha. Burale, ndugu yake marehemu Abdinoor, alikuwa na duka Garissa, na neno lake katika ukoo halikuwa likijibiwa. Walimsikiliza wote wawili hadi mwisho. Alisema Fowsiya amesoma vya kutosha, mwenye duka mwenzake amemposa, na muhula ukifungwa apandishwe basi aende.

Wehliye alikuwa tayari ametoa kalamu. Alimshauri Raho ashukuru, aseme inshallah, mengine yatajipanga yenyewe. Raho akamwambia anataka kukataa. Wehliye akajibu kwamba kalamu yake haijawahi kumwandikia mwanamume neno hilo kutoka kwa mwanamke, wala haitaanza leo.

"Basi irudishe mfukoni. Nitasema mwenyewe."

"Burale huzicheza kaseti dukani, mama," Wehliye alionya. "Wanaume wa soko zima watakusikia."

"Vizuri. Sitakuwa na haja ya kurudia."

Fowsiya aliyasikia hayo yote akiwa nyuma ya pazia, kitabu cha fizikia kimefunguliwa magotini. Kwamba alitaka kuendelea na masomo hakuwahi kumwambia mama yake.

Asubuhi iliyofuata Raho alifunga mlango, akamwita aketi karibu naye. Akabonyeza kitufe.

"Burale, asalaam alaykum." Akanyamaza. "Umeamkaje?" Akanyamaza tena. Aliuliza juu ya watoto, goti la mama yao, mvua, ngamia, na kila swali akalipa nafasi yake, hata Fowsiya akawa kama anamsikia baba yake mdogo akiitikia, na wateja wake pia. Hakuna ambaye angesema Raho hakulelewa.

Kisha, kwa sauti ile ile, bila kuipandisha wala kuishusha, akasema, "Fowsiya haji. Anasoma, na akimaliza kidato cha nne ataendelea. Siku akitaka mume atasema kwa kinywa chake. Mimi Raho nimesema."

Neno la mwisho lilitoka pamoja na mlio wa kitufe. Hakuacha hata nafasi ya pumzi moja ya mtu kuitikia.

Alipoitoa kaseti ndipo Fowsiya alipoona. Desturi yao ilikuwa kuigeuza kaseti na kujibu upande wa pili, ili maneno ya mtu yarudi kwake yakiwa mazima. Mama yake hakuigeuza. Alikuwa amesema juu ya upande ule ule aliousemea Burale.

Kwa mara ya kwanza Fowsiya akamtazama usoni. "Mama, na maneno ya baba mdogo?"

Raho alikuwa akiifunga kaseti kwa gazeti, tayari kumpelekea dereva wa basi.

"Nimeyafuta," akasema. "Akitaka kuyasema tena, basi lipo. Aje ayaseme hapa, mbele yangu."