Boriti ya Baba

Kanisa letu la Anglikana pale Chang'ombe lilimeza kanisa jingine. Nasema kweli. Saruji ilipoanza kupatikana madukani bila kibali, kila parishi ikapandwa na wazimu wa kujenga, na sie tukasema hatuachwi. Lakini wazee wa kanisa wakaweka sharti: Misa isikosekane hata Jumapili moja. Basi mafundi wakapandisha kuta mpya kulizunguka kanisa la zamani, nasi tukawa tunasali ndani ya lile dogo, vumbi la saruji na moshi wa ubani vikituingia puani kwa pamoja.

Lile dogo lilikuwa la mawe ya matumbawe na mabati yenye kutu, limeelekea mashariki kama ilivyo desturi. Juu, pale inapoanzia sehemu ya altare, boriti moja ya mninga ilipita kutoka ukuta hadi ukuta. Aliichonga baba yangu, Mmakonde aliyekuja mjini kutoka kusini na patasi zake. Katikati alimchonga Yesu msalabani, na pande zote mbili watu, kila mmoja kamshika mwenzake, wote kutoka gogo moja. Iliwekwa juu kuta zikiwa bado hazijafungwa. Baba hakuwaga mtu wa kujisifu, ila mahubiri yakirefuka ungemwona kainua kichwa anaitazama boriti yake, padre kaachwa ahubiri peke yake.

Miaka ile ya ujenzi macho yake yalikuwa yamekwisha. Alibakiwa na kivuli na mwanga, basi, asingeweza kuchonga hata mwiko. Na kanisa jipya halikuwa na pa kuiweka boriti: pande zote ni madirisha, na nyuma ya altare ukuta umepinda nusu duara. Kamati ya ujenzi, ambayo katibu wake nilikuwa mie, ikaamua ipelekwe Goba, ambako waumini wachache walikuwa wanaanza kanisa dogo. Jamani, baba alivyofurahi! Watu wa Goba wakachimba msingi wao kwa kipimo cha boriti yake.

Masika yakakaribia. Kwa kuogopa Misa isinyeshewe, tukaezeka kanisa jipya kwanza, ndipo tukalibomoa la zamani lililokuwa tumboni mwake. Mawe yakatolewa kwa karai, mabati kwa kichwa. Boriti ikashushwa salama, wanaume wakaibeba kwenda mlangoni. Sasa mlango wetu, kwa mapambo tuliyoyataka wenyewe, uko chini ya mnara: unatoka ndani, unakata kona, ndipo unaiona barabara. Boriti ikagoma kwenye kona. Wakaiinua, wakaigeuza, wakairudisha ndani. Mwenye macho haambiwi tazama, na kamati tulikuwa watu wanane tusio na hata kengeza. Mchoro wa mnara ule ulipita kwa sahihi yangu.

Fundi mkuu akatueleza taratibu kwamba madirisha yana nguzo za zege, na kuutoboa ukuta ni kuigusa lenta iliyobeba paa. Ikatwe vipande viwili, akasema, Goba wataiunga kwa vyuma. Jumapili askofu alikuwa anakuja kulitabaruku kanisa. Nikatafuta mtu wa kumlaumu, nikajikuta najitafuta mwenyewe. Nilitaka kulia, nikaona haya mbele ya mafundi.

Nikaenda kumleta baba. Mafundi wakamwamkia shikamoo, wakampisha. Akapiga magoti, akaanza kuipapasa boriti kwa vidole, akitafuta mahali ambapo msumeno ungepita bila kumgusa mtu. Akaenda mpaka mwisho, akarudi mpaka mwanzo. 

"Hapana pa kukatia," akasema. "Niliwashikanisha wote."

Mwenyekiti wa kamati akakohoa, akamwomba mzee amwie radhi, lakini mvua hiyo inakuja na lori liko nje. Baba akaomba chaki kwa fundi. Nilidhani ataweka alama mwenyewe. Akaninyooshea mie.

"Wewe ndiye mwenye macho, mwanangu. Waonyeshe."

Nikamwomba anisamehe, sijui kama alinisikia. Niliizunguka boriti mara mbili, nikiomba mafundi waseme kipimo kingine, lakini kipimo kilikuwa kilekile: ili vipande vyote viwili vipite kwenye kona, ilibidi ikatwe katikati kabisa. Nikapiga mstari. Ulishuka kwenye uso wa Yesu, kati ya jicho na jicho.

"Umepitisha wapi?" baba akauliza.

"Kwenye mikono tu, baba. Mikono ya watu wawili."

Akatikisa kichwa kukubali, akanyoosha mkono apapase. Nikaudaka ule mkono, nikaushika kwa nguvu, na sikuuachia mpaka msumeno ulipomaliza.