Siku Niliyong'arisha Kris ya Baba

Mpaka leo mtu akipita Kondele akaniita "Pahang", mimi hugeuka upande mwingine kama sijasikia, na nyinyi mnaocheka chekeni tu, maana jina hilo nilijitafutia kwa mikono yangu hii.

Baba yangu alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni. Tangu tukiwa wadogo alituambia walivyopelekwa kwa meli hadi Malaya, wakapigana msituni mahali panapoitwa Pahang, na huko mzee mmoja akampa kris, kisu kirefu cha watu wa kule, ubapa wake umepindapinda kama nyoka anayetembea. Kwetu Mamboleo hakuna aliyemwamini. Jirani yetu Mzee Ogola, karani mstaafu wa korti, alikuwa akisema kila penye matanga kwamba baba hakuvuka Nakuru, alikuwa akipika ugali kambini, na hicho kisu alinunua kwa Mhindi. Baba hakuwa na picha wala barua, wenzake wote walikuwa wamekufa. Alikuwa na kris tu.

Sasa, mwaka ule wa tisini na kitu, mhandisi wa visima kutoka Malaysia akaleta mapanga yake kwenye kibanda changu cha Kondele (mimi kazi yangu ni kunoa na kutia mipini). Nikamtajia kris. Akaniambia babu yake alikuwa akizifua, na yeye mwenyewe akiiona tu atajua imetoka jimbo gani. Yawa, nilifurahi mpaka nikasahau kumrudishia panga moja! Tukapatana Jumapili baada ya kanisa, na kwa kiherehere changu nikaalika majirani wote, Ogola wa kwanza.

Hapo ningetulia. Lakini Jumamosi nilipoichukua kwa baba niliona imejaa weusi na michirizi kama masizi, nami nikajiuliza, fundi mzima, nitamwonyeshaje mgeni chuma kichafu? Nikasema nipitishe msasa kidogo tu. Kipande kimoja kikang'aa, kingine kikabaki cheusi, ikawa mbaya zaidi, basi nikawasha mashine, mashine ikatetemesha mpini, mpini wenyewe (kijitu cha mbao kilichojikunyata kama mwenye homa) ukapasuka, nikatia mwingine wa panga, imara, wa misumari mitatu. Ule wa zamani niliutia jikoni ukatuchemshia chai. Na usiku nililala fofofo, mjinga mimi.

Jumapili uwanja ulijaa. Baba alivaa koti lake la jeshi. Mgeni akaipokea kris kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena, halafu akaniuliza kwa Kiingereza mpini wake uko wapi. Mimi ndiye niliyejitolea kutafsiri, na hilo sikulitafsiri. Akanieleza kwa upole kwamba ile michirizi ilikuwa ndani ya chuma, kila mfuaji na yake, na ule weusi ndio ulioifanya ionekane, na mpini nao hutaja mahali. Sasa hana cha kusoma.

Baba akainama mbele juu ya fimbo yake. "Anasema Pahang?"

Mungu anisamehe, nilitaka kudanganya. Lakini Ogola Kiingereza cha korti anakijua, akawatafsiria watu kabla sijafungua mdomo: "Anasema hawezi kujua. Inaweza kuwa imetengenezwa popote." Kisha akaongeza yake, "Hata Kondele."

Watu walicheka, wengine wakashika mbavu. Mgeni hakuelewa, naye akatabasamu kwa heshima. Nilitaka ardhi inimeze. Baba hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema polepole, "Mwanangu, sasa umenirudisha Nakuru."

Hakuitaja Malaya tena mpaka alipofariki. Kwenye mazishi, msomaji wa historia yake alifika kwenye jeshi akasema marehemu alihudumu Nakuru, Ogola akatikisa kichwa kukubali, na mimi, mtoto wa kwanza, mwenye haki ya kusimama na kusahihisha, nilikaa kwenye kiti changu nikitazama viatu vyangu. Ningesimama na nini?

Kris bado ninayo, inang'aa kama kijiko cha hoteli. Na tangu siku ile, mtu akiniletea chuma cheusi, hata panga la kufyekea, sikigusi kabla hajaniambia kimetoka wapi na kama anataka weusi wake ubaki. Wateja wananiona nimechanganyikiwa, na wengine wameshahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.