Njia Niliyoipima Juu ya Vichwa vya Wazee

Katika familia yetu mimi ndiye msomi, maana yake nimeandika riwaya moja ambayo kila mtu nyumbani anaisifu na hapana aliyeifungua. Kwa hivyo ami yangu alipotaka kununua pikipiki ya magurudumu manne, niliitwa mimi. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mtu aliyeandika kurasa mia tatu za mapenzi hawezi kushindwa na injini.

Ami ni ndugu mdogo wa marehemu baba, na maisha yake yote ya utu uzima amekuwa akipandisha maji kwa mkokoteni hapa mtaani kwetu Kuze. Chini, karibu na bandari ya kale, kuna kisima cha maji matamu. Juu kuna nyumba za ghorofa ambazo mabomba yake hutoa upepo siku sita na maji ya kutu siku ya saba. Kati ya kisima na nyumba hizo kuna kilima kimoja cha mawe, chembamba, kinachopinda mara moja katikati. Watalii hukipiga picha na kusema ni kizuri. Ni kizuri kweli, ukikipanda na kamera. Ami hukipanda na mitungi kumi ya lita ishirini.

Mwaka jana mgongo wake ulikataa. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea kuvuta mkokoteni kilimani, iko siku atainama na hatainuka. Ami alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na kesho yake alfajiri akarudi kisimani. Si ukaidi. Juu ya kilima kuna nyumba tano za bibi vizee wanaokaa peke yao ghorofani, na wachuuzi wengine wa maji huishia chini, panapofika tuktuk. Ami akiacha, nyumba tano zinakauka. Asipoacha, anavunjika yeye. Wanawe wanaofanya kazi nchi za Ghuba walipopata habari walituma fedha pamoja na amri: nunua mashine ya kuvuta.

Basi tukaenda Shimanzi, mimi na yeye, tukipenya baina ya malori ambayo madereva wake wanaamini mtu wa miguu ni aina ya moshi. Nyuma ya ghala moja palikuwa na uwanja wa makontena, na ndani ya uwanja mlikuwa na mashine mbili zilizoshushwa bandarini Kilindini hivi karibuni, zote mbili zimeshatumika huko zilikotoka.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, pana, yenye kifua mbele kama bwana harusi. Ya pili ilikuwa ya kijani iliyofifia, nyembamba, na taa yake moja imepasuka, kwa hivyo ilikuwa ikitutazama kwa jicho moja kama paka wa sokoni.

Muuzaji alikuwa mtu mwenye subira, jambo nililoliona kuwa la kutiliwa shaka.

"Hii nyekundu inavuta tani nzima bila kuguna," alisema. "Hii kijani inavuta nusu yake. Na kilimani, ukiipakia nyuma sana, mbele inainuka."

"Inainuka vipi?" niliuliza.

"Kama mtu anayetaka kusalimia."

Akatuonyesha. Aliifunga trela ya magunia nyuma ya kila mashine na kuipandisha kwenye mwinuko wa zege ambapo malori hupakiliwa. Nyekundu ilipanda kama haikuambiwa kwamba kuna mlima. Kijani ilipanda nayo, ila magurudumu yake ya mbele yaliiacha ardhi kwa upana wa kiganja, yakafikiri, yakarudi chini. Ami aliitazama kwa huruma. Nilijua anajiona mwenyewe.

"Lakini pimeni njia kwanza," muuzaji alisema. "Ni nyembamba kule kwenu."

"Nitaipima mimi," nikasema, kwa sauti ya mwandishi.

Huku kwetu lakini hapana kinachopimwa kabla ya kujadiliwa. Katikati ya kilima, pale kinapopinda, kuna nyumba mbili zinazokabiliana, kila moja na baraza yake ya mawe mbele ya mlango, na juu ya baraza hizo huketi serikali yetu. Upande wa kulia ni mwenye nyumba mwenyewe, muuza halua mstaafu, mwili wake ni ushahidi kwamba hakuwa akiuza yote. Upande wa kushoto huketi karani wa zamani wa bandarini, mwembamba kama risiti, ambaye tangu astaafu hajapata mzigo wa kukagua ila maneno ya wenzake.

"Kubwa," alisema muuza halua, kabla sijamaliza kueleza.

"Sijafika kwenye ile ya pili, baba."

"Hapana haja. Mtu akipewa kubwa na ndogo, anauliza nini tena?"

"Anauliza mafuta," karani akasema. "Anauliza vipuri. Nyinyi mumezoea kupima kwa kijiko."

"Na wewe umezoea kupiga muhuri kitu usichokijua ndani kina nini."

"Ndiyo maana bandari ilikwenda."

"Ilikwenda wapi, yakhe? Mbona bado iko pale pale?"

Waliendelea hivyo mpaka kahawa ikapoa. Walijadili nguvu za farasi, ingawa farasi wa mwisho waliyemwona alikuwa wa polisi. Mwishowe karani, kwa sababu zake mwenyewe ambazo hakuzitoa, alikubali kwamba kubwa ni kubwa. Ami alikuwa amesimama muda wote huo, mkono mmoja kiunoni. Hapana aliyemuuliza neno. Huo ndio ushauri, na kwetu mtu hanunui hata kuku bila huo.

Iliyobaki ilikuwa kazi yangu ya kupima. Nilitoka alasiri na utepe wa fundi cherehani, na buibui langu, na heshima niliyofunzwa katika chuo cha Kurani tangu utotoni. Nilipima mlangoni pa kisima: panatosha. Nilipima chini ya roshani: panatosha. Nilipofika pale pembeni, kilima kinapopinda, wazee walikuwa wameketi, kila mmoja barazani kwake, miguu imening'inia njiani kana kwamba njia ni ukumbi wao.

Sasa, msomaji, nieleze mimi ningefanyaje. Ningewaambia watu walionibeba nikiwa na siku saba wakunje miguu ili nipitishe utepe magotini mwao? Nilisalimu, nikaitikiwa, nikaulizwa lini ninaolewa, nikajibu inshallah. Kisha nikapanda kidogo kwenye kizingiti, nikaunyoosha utepe juu ya vichwa vyao, ukuta hadi ukuta, juu kidogo ya kofia zao. Karani akaushika upande wa pili kwa ukarimu mkubwa.

"Panatosha?" akauliza.

"Panatosha na kubaki."

Tangu nizaliwe nimemsikia ami akifika pale na mkokoteni na kuita, "Miguu." Neno moja tu. Wazee huikunja, mkokoteni hupita baina ya baraza mbili kama kisu ndani ya ala, nao huishusha tena bila kukatiza sentensi. Mkokoteni ule babu aliuchongesha mwembamba makusudi. Nimeyasikia haya kila siku ya maisha yangu, na siku ile hayakunijia akilini. Baraza kwangu si sehemu ya njia. Ni watu.

Nyekundu ililetwa kisimani siku ya Jumamosi, alasiri. Tukaifunga trela, tukapakia mitungi ishirini, mara mbili ya ule mzigo wa mkokoteni, maana tulikuwa tumeingia katika enzi mpya. Ami alikwea kitini, akavaa kofia vizuri, akasema bismillahi. Na kweli ilipanda. Lazima niseme ukweli: ilipanda vizuri sana. Ule mteremko uliomla mgongo ami maisha yake yote ulilala chini ya magurudumu kama mkeka, na nilimwona usoni kitu ambacho sijawahi kukiandika vizuri, hata katika zile kurasa mia tatu. Alikuwa ameketi. Kwenye kilima kile, mara ya kwanza, alikuwa ameketi.

Alipofika pembeni akaita, "Miguu."

Wazee wakakunja. Mashine ikaingia kwa mwendo wa heshima na kukwama baina ya baraza mbili, gurudumu la kulia likisugua mawe ya muuza halua na la kushoto likisugua mawe ya karani. Haikwenda mbele wala haikurudi nyuma. Ilikaa pale imejaa, nyekundu, kama mgeni aliyekuja kula na hajui aondoke vipi.

Nilitazama juu, pale utepe wangu ulipopita. Palikuwa na nafasi nyingi sana.

"Si ulipima?" ami akauliza.

"Nilipima."

"Wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Akainua shingo akatazama.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hiyo umepima njia ya popo."

Adhana ya Magharibi ilitukuta hapo. Watu wa juu waliokuwa wakiteremka msikitini iliwabidi wapande juu ya mashine, na kwa adabu wengi walivua viatu kwanza. Muuza halua alipokea salamu zao kama mtu aliyejenga daraja.

Watu waliporudi kutoka kuswali, karani alikuja na fikra. "Tukate baraza. Shubiri moja tu."

"Baraza ipi?" muuza halua akauliza.

"Ya kulia. Yako ni pana."

"Yangu ni pana kwa sababu naihitaji hivyo. Yako wewe hata ukikatwa shubiri mbili utakaa."

"Hii aliijenga babu yangu."

"Yangu ilijijenga?"

Wale waliokubaliana kwa kauli moja juu ya kubwa sasa waligundua, mmoja baada ya mwingine, uzuri wa vitu vidogo. Karani alikumbuka kwamba yeye tangu mwanzo aliuliza habari za mafuta. Muuza halua alisema wembamba ni sunna. Nikamtazama ami. Alikuwa amekwishashuka na alikuwa akiitoa mitungi trelani, mmoja mmoja, akiibeba juu kwa mkono. Ishirini. Kwa mgongo ule.

Nilikimbia kumpokonya. Alinipa mmoja, akashika mwingine.

"Baraza hazikatwi," alisema, bila kumgeukia mtu. "Zikikatwa, nikipita pale na kuita miguu, atakunja nani?"

Kisha karani, yule aliye kama risiti, akashuka akachukua mtungi kwa mikono miwili.

Nyekundu tuliitoa Jumapili, kwa sabuni ya kufulia na watu sita. Muuzaji wa Shimanzi aliipokea, akaona mikwaruzo pande zote mbili sawasawa, akaniangalia. Subira yake ile. Tukarudi na ya kijani.

Pembeni ilipita na kubaki vidole vinne kila upande. Nilivipima mwenyewe, safari hii nimepiga magoti chini njiani, mbele ya wazee wote, na miguu yao niliikunja kwa mkono wangu. Hapana aliyefariki kwa fedheha. Taabu ilikuwa baada ya pembe ile, pale kilima kinaposimama wima kabla ya nyumba za bibi vizee. Mitungi kumi nyuma, na mbele ikaanza kuinuka, taa ile mbovu ikitazama mbinguni. Ami akashika breki. Mashine ikatetemeka kati ya kupanda na kurudi.

"Inataka uzito mbele," nikasema.

Sote, bila kukusudia, tukageuka kumtazama muuza halua.

Alielewa. Ni mtu mzito, si mjinga. Alikunja kikoi, akashuka barazani kwake, ambako hajashuka kwa ajili ya kazi tangu aache kupika halua, akaketi juu ya kichanja cha mbele cha kuwekea mizigo kama gavana, akiangalia nyuma.

"Endesha," akamwambia ami. "Na usinigongeshe kwenye mashimo."

Magurudumu ya mbele yakashika mawe. Mashine ikapanda, ami kitini, muuza halua mbele, mimi na karani nyuma tukisukuma kitu ambacho hakikuhitaji kusukumwa.

Siku hizi mitungi miwili ikiwekwa mbele inatosha badala ya muuza halua, ingawa yeye bado huuliza kila asubuhi kama ami hahitaji msaada. Siku ile tulipofika juu, dirisha la ghorofa ya pili lilikuwa wazi, na bibi wa nyumba ya kwanza alikuwa ameshateremsha kamba na mtungi mtupu unaning'inia mwishoni. Alitazama mashine, taa moja, mtu mnene mbele yake. Alimtafuta ami kwa macho, akampata ameketi, akamkagua juu mpaka chini, mgongo wake hasa.

"Leo umechelewa," alisema.

"Njia, bibi," ami akajibu. "Ilikuwa na watu."