Mtu wa Kumi wa Bahati

Jumapili, baada ya misa. Kwako dada Furaha, na nyote mnaosoma.

Kifo kilimfuta kaka yangu Bahati, na leo marafiki zake wamemfuta mara ya pili.

Mnajua desturi yao pale mtaani Nguba. Ligi ya basketi ya Amerika ikikaribia, marafiki watano, Bahati akiwemo, kila mmoja anaandika wachezaji kumi bora. Kisha wanajumlisha nafasi, asiyetajwa akihesabiwa wa kumi na moja, na mwenye jumla ndogo ndiye wa kwanza.

Bahati aliandika orodha yake hospitalini, wiki moja kabla ya kutuacha. Nikaipeleka.

Tonton Déo, mmoja wao, akaisoma, akacheka, akaniambia:

"Maman Neema, mutu mwenye alisha kufa hapigake kura. Na huyu wa kumi ni nani? Iko anakaa tu ku banc!"

Ndiyo, ku banc, kwenye benchi! Kila mwaka Bahati alimpa nafasi hiyo mchezaji wa akiba. "Naye alitokwa jasho mazoezini," alikuwa akisema.

Mahali pake wakaweka orodha ya mtandaoni. Ya watu wasiomjua!

Na lile daftari la kujumlishia? Mistari yote aliichora Bahati.

Nimelichukua, nikaondoka. Wanapiga simu, sijibu.

Niambieni kama nimekosa. Lakini mkipanga kumi zenu, nafasi ya mwisho mpeni wa benchi, mumkumbuke Bahati.