Epifania na Namba Aliyokataa Kuibadili

Mwaka wa kumi na tisa unaelekea kutimia tangu Epifania binti Maige alipotoka Samuye akaja Kahama kuuza mchele. Mvua zimekuja na kwenda, watoto aliowabeba mgongoni sasa wanamzidi kimo, na namba yake ya simu, iliyochapwa kwa wino wa buluu juu ya kila gunia, imesafiri mbali kuliko yeye mwenyewe, hata kwenye majiko ya wachimbaji wa Geita.

Kwa namba hiyo hiyo aliandamwa. Mnunuzi mmoja wa dhahabu, ambaye Epifania alikuwa ameikataa posa yake kwa adabu, alimtumia matusi kutwa kucha, akimtajia hata rangi ya kitenge alichokivaa sokoni. Majirani walimshauri abadili namba. Akawajibu kuwa magunia yaliyokwisha kuondoka hayaitiki yakiitwa, na kwamba anayepaswa kunyamaza ni mkosaji.

Basi akaenda polisi, kwenye dawati la jinsia. Koplo Suzana alimsikiliza kwa heshima, kisha akaomba auone ujumbe wenyewe. Epifania akainamisha uso. Kwa aibu, alikuwa ameufuta wote. Bila ushahidi, kesi isingesimama.

Alipofika kwa shangazi yake, Bibi Agnetha, kumweleza yaliyompata, bibi yule asiyejua kusoma alifungua pindo la kanga akatoa simu yake ndogo, akisema kuwa nayo imekuwa ikilia bila kukoma. Kumbe yule mwanamume, ili amwaibishe Epifania kwa jamaa zake, alikuwa akimpelekea shangazi kila neno.

"Nilidhani ni watu wa kampuni ya simu," alisema.

"Na hukufuta hata mmoja, shangazi?"

"Nyinyi mlinifundisha kupokea, mwanangu. Kufuta hamkunifundisha."

Walipompelekea simu ile, Koplo Suzana alicheka hata akaketi. Ujumbe ulikuwa mia moja sitini na tatu, na laini zote zilizoutuma zilisajiliwa kwa jina la mnunuzi yuleyule. Hakimu akamtia hatiani kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Vigelegele vilikuwa havijatulia uani mwa mahakama simu ya Epifania ilipoita. Akaipokea bila kutazama kwanza ni nani. Mpishi wa Geita alitaka magunia kumi.

Mwenyezi Mungu amzidishie Epifania amani na riziki ya halali, ampe Bibi Agnetha umri mrefu wenye afya, na awahifadhi watoto wao na watoto wa watoto wao, wakiwa nyumbani na wakiwa njiani. Amina.