Macho Meupe ya Bibi Minza

Tangu kompyuta ziingie Bariadi, fundi picha wa pale sokoni huzungumza zaidi na sura za watu kuliko na watu wenyewe. Huimba pambio taratibu, mkono wake mwembamba ukisogeza kipanya kama mtu anayembembeleza mtoto. Hakuulizi kitu. Kwa kikasi cha kwenye skrini anawakata waliosimama nyuma yako, kwa muhuri anachota ngozi safi ya shavuni na kuibandika juu ya kovu, kwa kifutio anaondoa uzi uliochomoza kwenye kitenge. "Sasa umependeza," huiambia picha.

Bibi Minza alipotoka kijijini Zagayu kuja kupigwa picha, fundi alichagua brashi ndogo na kuyapaka weupe macho ya pichani. Wekundu wote wa miaka ya moshi wa kupikia mavi ya ng'ombe ukaisha.

"Tayari, mayu, mama yangu. Macho ya msichana haya!"

"Nitolee na wekundu wa haya ya usoni kwangu, basi," bibi alisema. "Jirani yangu Kwandu wamemkata mapanga kwa macho mekundu kama haya. Wanasema mchawi. Juzi wamepita kwangu, wanachungulia dirishani."

Pambio lilikatika. Fundi akageuza kiti, akamtazama bibi mwenyewe.

"Mayu, huna ndugu wa mbali ukakae kwake?"

"Nikihama watasema nimejishitaki mwenyewe." Bibi akakinyooshea kioo cha kompyuta kidole. "Wewe ikuze hiyo, ng'wanawane, mwanangu. Iwe kubwa, ya kuweka juu ya jeneza."