Raba za Kuruka Sarakasi

Jumamosi sokoni Biharamulo nilimkuta mama akimnunulia bintiye raba za jimnastiki. Jumatatu binti alikuwa na majaribio ya kuingia timu ya wilaya.

"Chukua hizi kubwa, utazikulia. Mbele tutajaza matambara."

"Mama, nikipinduka zitachomoka. Mwalimu anataka nyepesi, zinazobana mguu."

"Kwani mwalimu ndiye anayenunua?"

Binti akazivaa, akaruka sarakasi palepale. Yeye akatua wima. Raba moja ikatua kwenye nyanya za jirani.

Mama akamgeukia muuzaji. "Wewe baba, lete zinazomtosha leo! Mmemwona mwanangu alivyosimama?"

Tulimwona. Mwenye nyanya alipiga makofi kwanza, akagomba baadaye. Nasi tulionunuliwa viatu vya kukulia, vikachakaa kabla mguu haujavifikia, ndio tuliopiga vigelegele zaidi.